Kibanda cha Mlima Phiri

Wakimbizi wote wa Dzaleka, wenyeji wao wa wilaya ya Dowa, na wapita njia wenye nia njema, mnaarifiwa kwamba mnamo mwaka 2013 milima ilifika.

Najua wako watakaosema milima ilikuwepo tangu zamani. Huo ndio ujinga ambao Komite yetu iliundwa kupambana nao. Ilikuwepo, ndiyo, lakini bila utaratibu. Mtu alikuwa anaamka, anatazama kilima kilicho nyuma ya kambi, anakipanda, anashuka, na hakuna ofisi yoyote iliyopata habari. Nchi zilizoendelea haziendi hivyo.

Mimi naitwa Apollinaire, mzaliwa wa Bukavu huko Kongo, zamani mwalimu wa jiografia, na wakati wa mambo haya nilikuwa Katibu Mkuu wa Komite ya Njia za Milima na Vibanda vya Wapandaji, tawi la Dzaleka. Tawi lingine halikuwepo. Nasimulia yaliyotokea ili ukweli usiachwe mikononi mwa watu wa sokoni, ambao wanausimulia huku wanacheka.

Mradi ulitoka kwa chama kimoja cha wapanda milima huko Ulaya, kwenye nchi ya theluji. Chama kilisikia kwamba Malawi kuna maelfu ya watu waliotoka milima ya Kivu na sasa wanaishi mahali tambarare, kikahuzunika sana. Kikafungua ofisi Lilongwe, kikanunua gari jeupe, na kumleta Bwana Hubert awe Mratibu. Bwana Hubert alikuwa mtu mrefu mwenye buti nzito. Aliwahi kufanya kazi Bukavu kwenye mradi wa nyuki, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri, isipokuwa alipokasirika.

Alikuja Dzaleka kutuuliza mahitaji yetu. Wazee walisema mabati. Akina mama walisema mabati na maji. Vijana walisema kazi. Mchungaji, ambaye ni mtu wa imani, alisema mabati. Bwana Hubert aliandika yote kwa heshima, kisha akatusomea muhtasari: jamii imeonesha kiu kubwa ya milima.

Nilikuwa wa kwanza kupiga makofi, na nadhani ndiyo maana nilichaguliwa.

Ambroise, mwalimu mzee wa Kifaransa kutoka Uvira, alisimama akaomba neno. "Monsieur Hubert, sisi milima tunaijuwa. Itombwe yote tulipita na miguu, na batoto ku mugongo."

"Vizuri sana," alisema Bwana Hubert. "Mlipita njia gani?"

"Njia gani tena? Tulikuwa tunakimbia."

"Njia ilikuwa na alama za rangi?"

"Hapana."

"Mlikuwa na kofia ngumu?"

Ambroise alimtazama kidogo. "Hapana, monsieur."

"Basi hamkupanda mlima," alisema Bwana Hubert kwa upole. "Mlipita tu juu yake."

Ambroise akakaa. Huwezi kubishana na mtaalamu. Alama za rangi kweli hazikuwepo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuupa mlima jina rasmi. Bwana Hubert alimuuliza mkulima mmoja Mmalawi aliyekuwa analima pale chini kile ni nini, na mkulima akajibu kwamba ni phiri. Ubao ukachorwa siku hiyo hiyo: MLIMA PHIRI. Baadaye nilikuja kujua kwamba phiri kwa Kichewa maana yake ni mlima, na kwa hiyo tulikuwa na Mlima Mlima. Nilimweleza Bwana Hubert. Akasema jambo hilo linaongeza uzito.

Kileleni tukajenga kibanda. Kwa watu wa kambi, kibanda ni pale mtu anapouza nyanya na mkaa, na kwa majuma kadhaa walipanda kuulizia bei ya sukari. Lakini hiki kilikuwa kibanda cha wapanda milima: kuta za mbao mara mbili, jiko la chuma lenye bomba, vitanda vya kupandiana, blanketi nzito za sufu, na paa la mabati lenye mteremko mkali ili theluji isirundikane juu yake. Naweza kuripoti kwamba mpaka leo hakuna theluji iliyothubutu.

Baada ya kibanda zikaja njia, na hapo nikakutana na upinzani.

Njia iliyokuwepo ilikuwa ile ya akina mama wa kuni. Ilianzia kisimani, ikapita kwenye miti ya mikaratusi, ikafika juu. Mtu mwenye afya aliimaliza kabla hajachoka kuongea. Bwana Hubert aliipita mara moja akakata tamaa. Alisema njia ya namna hiyo haimjengi mtu. Akabuni Njia Nyekundu, ambayo ilizunguka mlima wote, ikashuka mara mbili bila sababu, kisha ikafika kwenye mwamba mmoja mkubwa. Juu ya mwamba tukafunga mnyororo wa kujivutia. Ile njia ya kuni tuliifunga kwa gogo na ubao usemao kwamba njia hii haitambuliki.

Asubuhi ya kwanza nilisimama kwenye mwamba pamoja na Lwaboshi, fundi viatu ambaye Komite ilikuwa imempa cheo cha Mlinzi wa Usalama Mlimani. Akafika Mama Rosalie. Huyu alikuwa mjane wa kutoka Fizi, mshonaji wa nguo, mama wa Ketsia, Shukrani na kitoto kimoja cha mgongoni. Alikuwa mwembamba, msemaji wa taratibu, na alikuwa na tabia mbaya ya kuuliza maswali mpaka mwisho.

"Papa Katibu, uyu munyororo ni wa nini?"

"Ni wa usalama wako, mama. Unashika hapa, unajivuta, unapita juu ya mwamba."

"Na kama napita huku pembeni?"

Nikatazama pembeni. Palikuwa na majani mafupi, na mbuzi wa mtu alikuwa amelala.

"Pembeni hakuna njia," nikamwambia.

"Lakini mi niko nasimama pembeni, Papa Katibu."

"Umesimama mahali pasipotambulika."

Akafikiri. "Sasa nikianguka hapa, nitakuwa nimeanguka?"

"Kwa upande wa ofisi, hapana."

"Asante," alisema, akapita pembeni, akamsukuma mbuzi kwa mguu, akaenda zake kutafuta kuni. Lwaboshi aliangalia mawingu. Nikamkumbusha kazi yake ni kuangalia watu.

Shida kubwa zaidi ilikuwa kwamba Lilongwe walitaka habari za wapandaji, na wapandaji hawakuja. Kambini watu walikuwa na shughuli nyingine. Posho ya mahindi ilikuwa imepunguzwa, na waliokuwa na nguvu walikwenda kulimia watu upande wa Mponela. Nilifanya kile ambacho mtumishi yeyote makini angefanya. Kila mama aliyepanda kutafuta kuni nilimwingiza kama mpandaji, na kuni zake kama vifaa. Mwisho wa msimu Mama Rosalie alikuwa ameupanda Mlima Phiri mara nyingi kuliko binadamu yeyote, na chama kilimtumia kutoka Ulaya kofia ngumu ya rangi ya machungwa. Tulimvisha hadharani. Alishukuru. Kesho yake niliiona kofia pale anapokaa barazani, imegeuzwa juu chini, imejaa mandazi.

Basi mvua za mwanzo wa 2014 zikaja, na zilikuja kwa hasira. Nyumba za kambi ni za matofali ya udongo yasiyochomwa. Zikilowa sana zinarudi kuwa udongo. Jumapili moja, watu wakiwa kanisani, ukuta wa nyuma wa nyumba ya Mama Rosalie uliangukia kitanda, na kuta nyingine zikaufuata. Watoto, asante Mungu, walikuwa kwaya. Alichotoa chini ya udongo ni cherehani, sufuria mbili na godoro lililokuwa limekunywa maji.

Alikwenda ofisi ya makazi. Walimpokea vizuri. Walimweleza kwamba mabati hugawiwa wakati wa kiangazi, kwa sababu wakati wa mvua watu wengi mno huyahitaji, na hilo huleta msongamano. Akaenda kulala kanisani, lakini kanisani kulikuwa na familia nyingi kuliko mabenchi, na kitoto cha mgongoni kikaanza kukohoa. Kikohozi kile nilikisikia mwenyewe, kwa maana alikuja nyumbani kwangu nikiwa nakunywa chai.

"Papa Katibu, kule juu kuko nyumba."

"Si nyumba, mama. Ni kibanda cha wapanda milima."

"Banani balalaka mule?"

"Wapanda milima."

"Leo iko mutu?"

"Leo hapana."

"Na jana?"

Mke wangu Mathilde aliyekuwa anachambua mchele alisema bila kuinua kichwa, akiniita kwa jina la binti yetu, "Papa Darlène, mujibu mama wa batu."

Nikamjibu kwa mujibu wa sheria. Sheria za kibanda zilikuja kutoka kwenye chama huko Ulaya, Bwana Hubert akanipa, nami nikazitafsiri kwa Kiswahili safi na kuzibandika mlangoni. Nilimsomea Mama Rosalie ili aelewe uzito wa mahali pale. "Yeyote atakayefika kibandani kwa kupanda, hali ya hewa ikiwa mbaya, hatakataliwa wala hatatolewa mpaka hali ya hewa itakapotengemaa. Atakayetangulia kufika ndiye atakayewasha jiko na kuwapokea watakaofuata."

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena. Nilipendezwa na hamu yake.

"Na iyi mvua itaisha lini?"

"Kijiografia, mwezi wa nne."

Akaitikia kwa kichwa, akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akaaga. Mathilde alimsindikiza mpaka barabarani na kumpa blanketi yetu moja, jambo ambalo sikuulizwa.

Alipanda mchana huo. Lwaboshi, aliyekuwa zamu, alinieleza kwamba alimwona anakuja na Njia Nyekundu, mbele Ketsia na sufuria, nyuma Shukrani na godoro, yeye mwenyewe na kichwa cha cherehani juu ya kata, na kofia ya machungwa amemvisha mtoto wa mgongoni. Walifika kwenye mwamba, wakashika mnyororo mmoja mmoja, wakapita juu.

"Ulimsimamisha?" nilimuuliza.

"Nimusimamishe kwa nini, Katibu? Tangu tufunge ule munyororo, yeye njo mutu wa kwanza kuushika."

Jioni ile watu wa kambi waliona moshi kileleni. Juma lililofuata Ambroise na mke wake nao nyumba yao ilianguka, nao wakapanda. Kisha wengine. Mama Rosalie aliwapokea kama sheria inavyosema, akapanga vitanda: wazee chini, vijana juu, wagonjwa karibu na jiko. Kulikuwa na zamu ya maji na zamu ya kuni. Kitoto kiliacha kukohoa. Kwaya ilifanya mazoezi kule, na upepo ukiwa mzuri tuliisikia huku chini tukiwa tumeshikilia nguzo zetu zisianguke.

Mimi sikuwa na la kuficha. Niliripoti Lilongwe ukweli: kibanda kinajaa kila siku, na wapandaji hawataki kushuka.

Lilongwe walifurahi kupita kiasi. Bwana Hubert alinipigia simu sauti ikitetemeka. Alisema huko Ulaya hakuna kibanda hata kimoja cha chama kilichojaa namna hiyo katika msimu mbaya. Habari zilikuwa zimefika juu kabisa, na Mwenyekiti wa chama mwenyewe, mama mmoja mtu mzima sana, alikuwa anakuja kuona. Angetua kwanza kaskazini kutembea milima ya Nyika, halafu aje Lilongwe, halafu tumlete Dzaleka kwa msafara.

Nikaitwa Lilongwe kupanga mapokezi. Ofisi ilikuwa nyumba kubwa ya mtaa wa Area 10, yenye bustani na mbwa aliyenijua. Bwana Hubert aliniwekea kahawa.

"Sasa niambie kuhusu hao wapandaji," alisema. "Ni vijana?"

"Wapo vijana, Bwana Mratibu. Wapo na vikongwe. Na mmoja hajaanza kutembea."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Anapandaje?"

"Mgongoni."

Nikamweleza yote kwa mpangilio, kuanzia ukuta wa Mama Rosalie. Kadiri nilivyoeleza ndivyo Kiswahili chake kilivyoharibika.

"Hawa hapana panda mlima! Hawa iko naishi!"

"Sheria haikutenganisha, Bwana Mratibu."

"Toa! Toa yote! Kesho kutwa Mwenyekiti nakuja, nataka kibanda safi, kitupu, kimejaa wapandaji!"

Niliiona hoja yake. Tukakubaliana kwamba kesho yake twende wote wawili tukawatoe, na vijana fulani wa Lilongwe wenye mikoba mizuri ya mgongoni walipwe wakae mle badala yao. Nililala mtaa wa Kawale kwa shemeji yangu. Mvua ilinyesha mpaka asubuhi, na chini ya bati la shemeji nililala vizuri sana.

Tulipofika Dzaleka barabara ilikuwa tope tupu. Nilimwomba Bwana Hubert tupite kwangu nichukue koti. Tukafika, nikashuka, nikatafuta nyumba yangu. Mlango ulikuwepo. Ulikuwa umesimama peke yake, umefungwa na kufuli, na nyuma yake hapakuwa na kitu ila rundo la udongo na mguu wa meza.

Niliita, "Mathilde!" Nikaita, "Darlène!" Nikaanza kuchimba kwa mikono. Nguo zangu za ofisi, ambazo ndizo nilikuwa nazo, zilikwisha pale. Bwana Hubert alisimama pembeni ameshika mwavuli, akisema tunachelewa.

Jirani alitoa kichwa. "Papa Darlène, unatafuta nini umo? Mama na mutoto banaisha kupanda tangu asubuhi. Mama Rosalie njo alituma batu babasaidie."

Niliacha kuchimba. Kisha nikasimama, nikajipangusa magoti, na kumwambia Bwana Hubert kwamba nipo tayari kwenda kutekeleza agizo. Cheo ni cheo.

Tulichukua Njia Nyekundu, kwa kuwa alama zake tulizichora wenyewe. Mvua ilikuwa inatupiga usoni. Kwenye mteremko wa kwanza usio na sababu Bwana Hubert aliteleza, na kwenye wa pili niliteleza mimi. Tulipofika kwenye mwamba ulikuwa unang'aa kama sabuni. Alishika mnyororo, buti zikakosa pa kukanyagia, akaning'inia ubavu, akipiga mwamba kwa goti na kulaani kwa lugha yake. Lwaboshi alikuwa amekaa pembeni, chini ya mwavuli, penye majani mafupi.

"Katibu," aliniambia kwa sauti ya chini, "nimuambie apite huku?"

"Huko hakutambuliki," nilijibu, maana mkubwa wangu alikuwa anasikia.

Akaning'inia kwa muda wa kutosha. Mwishowe tulifika juu, tumelowa mpaka mifupa, suruali yake imechanika gotini, mimi nikiwa na kiatu kimoja.

Bwana Hubert hakubisha hodi. Alisukuma mlango, na joto la jiko likatupiga usoni pamoja na harufu ya lengalenga, mchicha wa kwetu. Ndani mlikuwa na giza kidogo na watu wengi. Nilimwona Mathilde anakoroga ugali wa nsima, na Darlène amelala kitanda cha juu, mdomo wazi. Machozi yalinitoka, nikayaita mvua.

"Papa Darlène, umefika," alisema mke wangu. "Vuwa kiatu."

Bwana Hubert yeye alikuwa ameanza hotuba.

"Nyie yote toka! Sasa! Hii kibanda hapana ya maskini! Hii iko ya wapandaji! Kesho mkubwa yangu nakuja, mama mzee ya kelele, hapana taka yeye naona nyie! Chukua sufuria, chukua batoto, enda!"

Kwenye kona, karibu na jiko, pale pa wagonjwa, alikuwa amekaa bibi mmoja mzungu, mvi tupu, soksi zake zimeanikwa kwenye bomba, amejifunika blanketi ambayo niliitambua kuwa ni yangu. Kile kitoto cha Mama Rosalie kilikuwa kimelala mapajani mwake. Alimgeukia Ambroise akamuuliza jambo kwa Kifaransa.

Ambroise alikuwa amefundisha Kifaransa maisha yake yote. Alisimama, akaweka mikono nyuma, akatafsiri. Hakuongeza neno, hakupunguza neno. Alipofika kwenye "mama mzee ya kelele" alisita akatafuta neno linalofaa zaidi, akalipata, akaliweka.

Uso wa Bwana Hubert ulibadilika rangi mara kadhaa. Bila shaka mmeshaelewa kabla yake. Nyika kulikuwa na ukungu, Mwenyekiti alichoka kusubiri, akakodi gari, akashuka kupitia Mponela mpaka Dzaleka bila kumwarifu mtu. Alionyesha mlima kwa kidole, na akina mama wa kuni wakamchukua kwa njia yao, wakaruka gogo letu. Mvua ilimkuta katikati. Mama Rosalie alitoka nje, akamshika mkono, akamwingiza ndani, akamvua soksi, akampa nsima.

Bibi alizungumza polepole, macho kwa Bwana Hubert, na Ambroise alitutafsiria sisi wengine.

"Anasema, alipokuwa mutoto, theluji ilifunika kijiji yao. Nyumba yote ilienda. Baba yake alikuwa mutunza kibanda kule juu. Batu balikaa mule mupaka theluji inaisha. Kisha baba yake akaandika sheria, ile iko ku mulango." Ambroise akamgeukia Bwana Hubert. "Anauliza, monsieur Hubert, na yeye atoke?"

Bwana Hubert alirudi nyuma mpaka kizingitini.

Bibi alimgeukia Mama Rosalie, akauliza tena kitu.

"Mama Rosalie," alisema Ambroise, "anasema we njo mutunza kibanda. Iko nauliza, aba babili bafanywe nini?"

Kibanda kizima kilitutazama. Nilimtazama Mathilde, naye akatazama nsima yake. Mama Rosalie alikuwa na haki ya kusema lolote siku ile, na nilikuwa nimeshaanza kufikiria mahali pa kujikinga chini ya mikaratusi.

"Baingie," alisema. "Mulango uko wazi, baridi inaingia ku batoto."

Tukaingia. Mathilde alinipa kitambaa cha kujifutia kichwa, akaniminya bega. Bwana Hubert alipewa nafasi sakafuni, kati ya cherehani na kuni mbichi, na sahani yake ilikuja baada ya wazee, wagonjwa na watoto. Alikula yote.

Walipokwisha kula, Mwenyekiti aliuliza kuhusu mipango ijayo. Bwana Hubert, akipata nguvu kidogo, akaeleza kwamba fungu la kibanda cha pili lilikuwa tayari, kijengwe kilima cha jirani, na mnyororo mrefu zaidi.

"Kibanda ya pili mujenge chini," alisema Mama Rosalie. "Mukate vipande-vipande. Kila famille kapande yake."

Bwana Hubert alikohoa. "Hizo zitakuwa nyumba. Chama hakijengi nyumba. Ni marufuku."

Ambroise akatafsiri. Bibi akafikiri, akamrudisha mtoto kwa mama yake, akasema maneno machache.

"Anasema, hapana, ni bibanda bya bapandaji," alisema Ambroise, na sasa alikuwa anatabasamu. "Batu bamepanda, amebaona na macho. Sasa banashuka. Njo bibanda bya kushukia."

Na ndivyo ilivyoandikwa kwenye vitabu vya chama mpaka leo. Kiangazi kile mabati yalifika Dzaleka kwa malori, na waliokuwa kileleni walishuka familia moja moja, kila moja kwenye kibanda chake cha kushukia, chenye kuta za matofali ya kuchoma. Ofisi ya Lilongwe ilifungwa, mbwa akachukuliwa na mlinzi. Bwana Hubert alihamishiwa mradi wa samaki kwenye nchi moja isiyo na mlima hata mmoja, na nasikia anaendelea vizuri.

Komite ilibaki, kwa sababu kufuta Komite ni kazi ngumu kuliko kuhamisha mlima. Ilifanya uchaguzi mpya chini ya mikaratusi. Mama Rosalie alichaguliwa mwenyekiti bila mpinzani. Ajenda ya kwanza ilikuwa cheo cha Katibu Mkuu: kina kazi gani? Swali lilizunguka kwa wajumbe wote na kurudi kwangu. Nilieleza kwa kirefu. Nilipomaliza, mke wangu Mathilde akatoa hoja kwamba kifutwe. Lwaboshi akaunga mkono haraka kuliko nilivyotarajia. Mikono ikainuliwa, na Darlène, ambaye hana umri wa kupiga kura, akainua miwili.

Niliandika uamuzi huo mwenyewe kwenye kumbukumbu za mkutano, kwa mwandiko mzuri na bila kosa, kwa maana hakuna mwingine aliyekuwa na kalamu. Nikatia sahihi, nikaweka na tarehe.

Halafu Mama Rosalie akanyoosha mkono, akaniomba kalamu.